Jedwali la Blakijeki na Ada ya Mtihani



Baada ya mazoezi ya kwaya, kijana mmoja wa parokia alituonyesha katika simu yake jedwali dogo la rangi. Lahusu mchezo wa karata uitwao blakijeki, ambamo mchezaji hujaribu kukaribia 21 bila kuipita, akishindana na mgawaji wa karata. Jedwali humwambia la kufanya katika kila hali: kuongeza karata, kutulia, kuweka dau maradufu, au kutenganisha jozi. Alikuwa amelishika lote kichwani. Akatueleza kwa furaha kwamba yeye hachezi tena kamari bali atumia hesabu, na kwamba ada ya mtihani wa Serikali ingeweza kuzaa kidogo kabla ya kulipwa.

Wapo wenzetu katika malezi ambao wangalimnyang'anya simu. Sisi twaona heri kulifundisha jedwali hilo hadi mwisho, kwa maana wanaolieneza huishia nusu ya somo.

Jedwali lenyewe ni la kweli. Mwaka 1956, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, waliokuwa jeshini huko Aberdeen, Marekani, walitangaza hesabu yake katika jarida la wanatakwimu, baada ya kuifanya kwa mashine za mezani. Anayelifuata hupoteza kidogo kuliko anayefuata moyo wake. Tusome vema: hupoteza kidogo. Penye kanuni nafuu, hasara ya wastani ni kama nusu ya asilimia ya fedha zote zinazowekwa. Wanne hao wenyewe hawakuona faida katika hesabu yao.

Chukueni mkono wa 16, naye mgawaji aonyesha 10. Karata zina ngazi 13, toka ree hadi mfalme, na 8 kati yake zitawapitisha 21. Hata hivyo jedwali laagiza kuongeza karata! Sababu ni kwamba kutulia ni kubaya zaidi kidogo. Kwa njia zote mbili, hasara ya wastani hupita nusu ya dau. Chanzo ni kanuni moja ambayo wachezaji huisahau: mchezaji hutangulia. Akipita 21, fedha yake imekwenda, hata kama mgawaji naye angalipita baadaye. Malipo ya moja na nusu kwa ree iliyokutana na 10, pamoja na ruhusa ya kuzidisha dau, humrudishia sehemu kubwa ya pengo hilo, lakini si lote.

Kinachotutia hofu ni udogo wa ile nusu asilimia. Mikono 100 ya faranga 1.000 ni dau la 100.000, na hasara ya wastani ni faranga 500 tu. Lakini katika mikono hiyo bahati peke yake yaweza kumpandisha mtu au kumshusha faranga 10.000, wala si ajabu. Jioni aliyoshinda atasifu elimu yake. Aliyoshindwa atalaumu mkosi. Nayo simu haichoki kugawa karata usiku kucha.

Kanisa halisemi kwamba karata ni dhambi kwa zenyewe. Katekisimu, namba 2413, yaona ubaya pale mchezo unapomnyima mtu mahitaji yake na ya wanaomtegemea. Ada ya mtihani, tena iliyokusanywa na mama sokoni, haihitaji fafanuzi ndefu.

Twapendekeza basi kila kikundi kitandike mkeka na kucheza kwa maharagwe, jedwali likiwa wazi mbele ya wote. Mgawaji amalize mkono wake kila mara, hata mchezaji akiwa amekwisha kupita 21, na mmoja aandike daftarini ni mara ngapi wote wawili walipita, na nani alichukua maharagwe.

Tulifanya hivyo na kijana yule. Alipoona mara ya tatu, alinyamaza, kisha akasema kwamba nusu ya ada ilikuwa imekwisha kwenda kabla hajatuonyesha jedwali. Nusu iliyobaki tuliipeleka pamoja naye shuleni Jumatatu. Kuhusu ile nyingine, tumekubaliana kwamba atamwambia mama yake mwenyewe kabla ya Jumapili.