Mchumba wa Ng'ambo kakosa nini?

Wiki hii kwetu hapakaliki. Binti ya shangazi yangu kapata mchumba. Kijana mtaratibu, anaswali, na ana biashara yake ya viatu pale Darajani. Posa ikaletwa. Shangazi, mkaazi wa Mkunazini, akauliza swali moja tu: "Kwao wapi?" Akaambiwa Kikwajuni. Basi tena!

"Mwanangu nimemzaa ndani ya nyumba ya mawe, leo nimuoze kwa mchuuzi wa Ng'ambo?"

Binti akajifungia chumbani siku mbili, chakula hataki. Nikaona nisipoingilia, harusi hakuna. Nikaenda.

"Shangazi, hiyo Ng'ambo ni ng'ambo ya nini?"

"Ya maji, mjinga wee!"

Kweli. Zamani mkono wa bahari ulipita pale ilipo leo barabara ya Benjamin Mkapa, ile tuliyozoea kuiita Creek Road. Huku Mji Mkongwe, kule Ng'ambo, katikati daraja. Ndiyo asili ya jina Darajani. Katika karne ya 20 maji yakafukiwa na daraja likaondoka. Ila shangazi bado analo kichwani!

"Na hizi nyumba za mawe," nikamwambia, "zilijengwa kwa pesa gani kama si za biashara?" Seyyid Said alipohamishia makao yake hapa kutoka Maskati, karne ya 19, Unguja ilinenepa kwa karafuu, pembe za ndovu na, tusifichane, kuuza watu. Soko la watumwa lilikuwa hapo hapo Mkunazini, likafungwa mwaka 1873. Wachukuzi, wavuvi na wengi waliotoka utumwani wakajenga vibanda vyao ng'ambo ya maji. Soko la Darajani lilipofunguliwa mwaka 1904, wa mawe na wa udongo wakawa wanagombea samaki mmoja.

Shangazi kimya. Nikaona nisimwachie nafasi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 yakaja majumba ya Michenzani, huko huko Ng'ambo. Mwaka 1984 biashara ikafunguliwa, vijana wakaenda Dubai na kurudi na redio, vitambaa na viatu. Mji ukatanuka, wala haukutanukia baharini! Sensa ya 2022 imehesabu watu 893,169 Mkoa wa Mjini Magharibi, karibu nusu ya Wazanzibari wote. Hao wote wangeenea Mkunazini?

"Shangazi, kanga zako za Idi ulinunua wapi?"

Akaniangalia. "Darajani."

"Kwa nani?"

"Kwa mchuuzi," akasema polepole, kisha akacheka mpaka akashika ubavu.

Basi msomaji, jawabu nililotoka nalo ni hili: "Mwambie aje Ijumaa baada ya Alasiri. Na aje na wazee wake, asije na maboksi ya viatu!" Binti kafungua mlango, kala sahani mbili za wali.

Nawe unayemkataa mwenzio kwa sababu ya mtaa, kumbuka maji yalishafukiwa zamani. Unaogopa kuvuka nini?

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitakupa habari za harusi.