Bahasha Moja Mpaka Karema

Mwezi huu naomba tuongee kuhusu safari, na kuhusu hela, kwa sababu hivi vitu viwili ukivitenganisha unajidanganya.

Mwaka jana mimi na mume wangu tulitimiza miaka mitano ya ndoa. Mpango ulikuwa Zanzibar, Nungwi kabisa! Tulipopiga hesabu ya hoteli tukaangaliana, tukacheka, mpango ukafia hapo hapo. Ndipo nikamwambia, "Baba, ufukwe siyo lazima uwe wa bahari. Twende Ziwa Tanganyika, tupitie Mpanda."

Mtoto tukamwacha kwa bibi yake. Nauli ya kwenda kutoka Dar tulikata mapema. Halafu tukaweka shilingi laki nne kwenye bahasha moja: kula, kulala na nauli ya kurudi, vyote humo. Begi moja la mgongoni kila mtu. Sharti lilikuwa dogo tu, hakuna kuchomoa kitu bila mwenzako kujua.

Mpanda ni mji usio na makuu. Tulipata gesti safi ya elfu ishirini, jioni tukala wali na migebuka kwa mama lishe mpaka tukashindwa kusimama. Kesho yake tukapanda gari la abiria hadi Sitalike, kama kilomita 35 kusini, mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1974 na ina zaidi ya kilomita za mraba 4,000, kwa hiyo bila gari la kukuzungusha hufiki popote. Sisi tuliishia darajani, Mto Katuma. Ilikuwa Septemba, maji yamekauka, viboko wamebanana kwenye tope kama abiria wa daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Mzee mmoja pale akatusimulia habari za Katabi, mzimu ambao wenyeji wanasema makazi yake ni kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu humpelekea zawadi. Hifadhi ndiyo imechukua jina lake.

Kutoka Mpanda hadi Karema ni zaidi ya kilomita 100. Tulivyopita sisi ilikuwa vumbi tupu, nywele zangu zilibadilika rangi! Lakini mnapotokea ziwani, unasahau. Maji ya bluu hayana mwisho, na upande wa pili ni Kongo. Hili ndilo ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika, karibu mita 1,470, na duniani linapitwa na Baikal la Urusi tu. Pale Karema kuna jengo la kale la misheni, ambalo mwanzo wake ni ngome waliyojenga Wabelgiji mwaka 1879. Mapadri wa White Fathers waliichukua mwaka 1885. Walioijenga waliiweka karibu na maji, lakini miaka ile ile Mto Lukuga kule Kongo ukafunguka, ziwa likashuka, na ngome ikabaki mbali na ufukwe.

Jioni hiyo nikamwaga bahasha kitandani nihesabu. Zikatoka elfu thelathini na tano. Kwa daftari langu zilitakiwa ziwe laki moja na elfu themanini na tano.

"Baba, hela nyingine iko wapi?"

Kimya. Kuta za gesti ni nyembamba, kwa hiyo tuligombana kwa kunong'ona, kitu ambacho ni kigumu kuliko mnavyofikiri. Mwishowe akasema. Kazini kwake walikuwa hawajalipwa miezi mitatu. Ada ya mtoto ilitoka kwenye mkopo wa simu, mkopo ukazaa mkopo, na tukiwa Mpanda alikuwa amepigiwa simu ya vitisho, akaenda kwa wakala kulipa. Miezi mitatu ananiaga asubuhi na kuniambia hela ipo!

Nilitaka kulia, nilitaka kupiga kelele. Na nauli ya kurudi hatuna. Ndipo nikajisikia nikisema, "Nauli ninayo. Kwenye simu kuna laki tatu za kikoba."

Akaniangalia. "Kikoba gani?"

Jamani wasomaji! Kikoba changu kilikuwa na mwaka wa pili. Mwezi Machi aliniomba nimkopeshe elfu hamsini, nikamwambia sina hata senti. Ghafla mwenye kesi nikawa mimi.

Usiku ule hatukulala mapema. Tulikaa nje, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani, tukataja kila deni na kila akiba, moja moja, mpaka zikaisha. Sitawaambia tuliamka tukiwa wapya. Tuliamka tumenuniana kidogo. Lakini nauli tuliilipa kutoka sehemu moja, na deni la mwisho la simu tulilimaliza pamoja mwezi Januari.

Nyumbani mtu anaweza kuficha hela miaka kumi. Ukisafiri na begi la mgongoni na bahasha moja, huna pa kuficha. Kwa hiyo kama mnafikiria kuchumbiana au kuoana, kabla ya kuchangisha kamati ya harusi, jaribuni safari ya namna hii.

Mkienda, nendeni kiangazi, Juni hadi Oktoba, maana mvua zikianza barabara ya vumbi inageuka tope. Bebeni hela taslimu ya kutosha. Kwenye hifadhi kuna mbung'o, acheni nyumbani nguo za bluu na nyeusi, maana ndizo wanazozipenda. Laleni ndani ya chandarua. Na msijitose ziwani kabla ya kuwauliza wenyeji wapi kuna mamba.

La mwisho, na hili ndilo kubwa: ambianeni ukweli wa mifuko yenu kabla basi halijaondoka Dar. Sisi tulingoja mpaka Karema, na kutoka kule kurudi nyumbani ni mbali sana kwa watu walionuniana.

Tukutane mwezi ujao.