Shinikizo la Damu si Wingi wa Damu

Yapo mambo mawili ambayo huku kwetu Mwanza, na hasa visiwani, huchanganywa kila siku: shinikizo la damu na wingi wa damu. Mtu akiambiwa ana presha, jamaa zake husema damu imemzidi. Akiambiwa baadaye kwamba damu yake imepungua, husema presha basi imekwisha, na vidonge vyake huwekwa kando. Fikira hiyo imekwisha kudhuru wengi, na haifai kunyamaziwa.

Shinikizo ni nguvu ambayo damu husukumia kuta za mishipa. Hesabu ya damu ni jambo jingine kabisa: ni idadi ya chembe nyekundu zichukuazo hewa safi mwilini, chembe nyeupe zipiganazo na maradhi, na zile ndogo zigandishazo damu penye jeraha. Mtu aweza kuwa na shinikizo kubwa huku chembe zake nyekundu ni chache.

Sababu yake mara nyingi ni figo. Mbali na kuchuja uchafu, figo hutoa homoni iuamrishayo uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu. Chembe hizo huishi siku 120 hivi tu, kwa hiyo mpya hazina budi kupatikana daima. Shinikizo lisilotibiwa huziharibu figo kwa miaka mingi bila maumivu. Figo zikidhoofika, homoni hupungua na damu hupungua. Tena figo mbovu nazo huzidi kulipandisha shinikizo. Hivyo basi, kupungua kwa damu kwa mwenye presha si dalili ya kupona. Huenda ikawa ni dalili ya kuzidiwa.

Ni kweli kwamba wataalamu wameona chembe nyeupe zikiongezeka kidogo kwa baadhi ya wenye shinikizo. Lakini tofauti hiyo ni ndogo mno kumtambulisha mgonjwa. Shinikizo hupimwa kwa mashine ifungwayo mkononi, wala hakuna tone la damu liwezalo kushika nafasi yake.

Visiwani jambo hili ni gumu zaidi, kwa kuwa malaria, safura na kichocho navyo hupunguza damu. Mvuvi wa Ukara au mama wa Kome aliyepauka hupewa dawa za maradhi hayo pamoja na vidonge vya kuongeza damu, akarejea nyumbani. Dawa hizo ni za haki pale zinapohusika. Ila kama chanzo ni figo, mgonjwa huyo atarudi miguu imevimba na pumzi zinamwishia. Wakati huo atahitaji kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 2 au 3 kila wiki. Ni mkazi gani wa kisiwani awezaye kuvuka ziwa kwenda Bugando mara 3 kwa wiki, maisha yake yote?

Wala hatari yenyewe si ndogo. Uchunguzi wa watu wazima waliolazwa Bugando kati ya mwaka 2009 na 2011 ulionyesha kwamba maradhi yatokanayo na shinikizo yalikuwa ya pili kwa kuua, baada ya UKIMWI.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa afya wa mkoa na wilaya wahakikishe kwamba kila zahanati ya kisiwani ina mashine nzima ya kupimia shinikizo, kipimo cha wingi wa damu, na vijiti vya kupimia protini katika mkojo. Vitu hivi si vya anasa. Mtu mzima yeyote mwenye upungufu wa damu apimwe na shinikizo; na mwenye shinikizo apimwe damu na mkojo walau mara moja kwa mwaka. Damu iliyo chini ya gramu 13 kwa mwanamume, au 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, na shinikizo lifikalo 140 kwa 90 likipimwa zaidi ya siku moja, yaandikwe na kufuatiliwa. Dawa za presha nazo zisikosekane kwa kisingizio cha ziwa kuchafuka.

Nanyi ndugu zetu wa visiwani, msiache vidonge kwa kusikia kwamba damu imepungua. Rudini kwa mganga, mkamwulize neno moja: je, figo zangu zi salama?