Manukato ya Kipupwe: Tunukie Bila Kuwaudhi Wenzetu



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyeyapenda manukato na ambaye hakuwa akiyakataa anapopewa. Ama baada ya hayo, ndugu zetu wanafunzi na wazazi wetu watukufu, mwaka huu tumeona vyema tuseme nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo: harufu tunazoingia nazo darasani na msikitini.

Sisi tunaoishi Arusha tunaijua baridi ya Juni hadi Agosti. Makoti huvaliwa juu ya kanzu, na madirisha ya madrasa hufungwa tangu alasiri. Msimu huu ndio ambao vijana wetu wa kiume huja na manukato ya namna moja, yale mazito yenye harufu ya mdalasini, iliki, pilipili, vanila na tumbaku, yanayouzwa kwa majina ya wabunifu wakubwa wa mavazi wa Ulaya.

Mwezi wa Julai vijana wanne walijipulizia chupa moja mlangoni, kisha wakaingia darasani. Haikupita robo saa, mwenzao mwenye pumu akabanwa na kifua. Alitolewa nje, akavuta dawa yake, akapata nafuu, alhamdulillah. Lakini lililotuuma zaidi ni maneno yake baadaye. Alisema haikuwa mara ya kwanza, ila aliona haya kulalamika asije akaambiwa anaichukia sunna. Darsa iliyofuata alikaa barazani peke yake, kwenye baridi, akitega sikio mlangoni.

Sisi tunasema kijana huyu hakuichukia sunna. Tuliokosea kuifahamu ni sisi, walimu tukiwa wa kwanza, kwa kuwa tumewafundisha watoto kwamba kujitia manukato ni jambo jema, tukasahau kuwafundisha kiasi chake.

Viungo ni vyetu

Hatuandiki haya ili kuyabeza manukato hayo. Chukueni mfano wa Spicebomb, iliyotolewa mwaka 2012 na Viktor & Rolf, wabunifu wawili kutoka Uholanzi. Chupa yake imefanywa mfano wa bomu la mkono, na ndani mna harufu ya mdalasini, zafarani, pilipili, tumbaku na ngozi. Ukiondoa tumbaku na ngozi, vingine vyote bibi zetu wanavyo jikoni.

Karafuu nayo imo katika manukato mengi ya aina hii. Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, ndiye aliyehimiza mikarafuu ipandwe kwa wingi Unguja na Pemba. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo mama wa karafuu hadi leo. Huko hata makonyo hayatupwi, hukamuliwa mafuta. Basi kijana anayedhani harufu ya viungo imezaliwa Ulaya, na ajue kwamba babu zake walikuwa wakinukia hivyo kabla chupa hizo hazijabuniwa.

Kwa nini baridi inatudanganya

Manukato hunukia kwa sababu mafuta yake hugeuka mvuke. Penye joto huruka upesi, penye baridi huruka polepole. Harufu nyepesi, kama ya ndimu, huondoka mapema, na zile nzito, kama vanila, udi na ambari, hubaki kwenye ngozi na nguo kwa saa nyingi. Ndiyo maana watu huzipenda harufu nzito wakati wa kipupwe.

Hapo ndipo kijana anapokosea. Akiwa nje kwenye baridi hajisikii kunukia, basi anaongeza. Isitoshe, pua huizoea harufu ya mwenye nayo, naye anaongeza tena. Kisha anaingia katika chumba kilichofungwa, watu arobaini wamebanana, mwili wake unapata joto chini ya koti, na yote aliyojipulizia yanafumuka kwa mara moja. Yeye hasikii kitu, na jirani yake hana pa kukimbilia.

Sunna na mpaka wake

Tumefundishwa kwamba siku ya Ijumaa mtu aoge, avae vizuri na ajitie manukato aliyo nayo. Tazameni mpangilio huo: maji yanatangulia, uturi unafuata. Manukato juu ya jasho la jana hayaondoi uvundo, huupa mwenzake tu.

Na tumefundishwa pia, katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba aliyekula kitunguu thaumu asiukaribie msikiti, kwa kuwa harufu yake inawaudhi wengine. Kitunguu thaumu ni chakula cha halali, na kilichokatazwa hapo ni kuudhi. Ikiwa chakula cha halali kinaweza kumzuilia mtu safu ya sala kwa sababu ya harufu, vipi manukato yanayomkata mwenziwe pumzi? Wako watakaotujibu kwamba thaumu inanuka na manukato yananukia. Ni kweli, lakini kifua chenye pumu hakiijui tofauti hiyo.

Liko na suala la spiriti. Manukato mengi ya kupuliza yaliyoandikwa eau de toilette au eau de parfum huwa na spiriti kwa sehemu kubwa, na mafuta ya harufu ni sehemu ndogo. Wanazuoni wamehitilafiana. Wako wanaoihesabu spiriti kuwa najisi kama ulevi wenyewe, na wako wanaoruhusu kuitumia mwilini kwa kuwa hainywewi. Hatutoi fatwa katika ukurasa huu. Kila mmoja amuulize ustadhi wake, na anayetaka kujiepusha na shaka basi uturi wa mafuta upo, na halina mjadala.

Nasaha zetu

Kwanza, oga, kisha ujitie. Pili, mpulizo mmoja au miwili chini ya kanzu unatosha, na uturi wa mafuta tone moja. Tatu, jitie nyumbani nusu saa kabla ya kutoka, usijipulizie kamwe mlangoni, darasani wala msikitini. Nne, anayependa udi aifukize kanzu yake kwenye chetezo usiku, asubuhi itanukia kwa upole. Tano, ukiona mwenzio anakohoa au anajisogeza, usingoje akuambie, sogea wewe.

Wazazi nao tuna neno nao. Chupa moja halisi ya majina hayo huenda ikalipa ada ya mwanafunzi kwa miezi mingi, na nyingi za bei nafuu mitaani ni za kuigiza, hakuna ajuaye zimechanganywa nini. Katika Suratul-A'raf, aya ya 31, tumeamrishwa kuchukua mapambo yetu kila tuendapo kusali, na papo hapo tukakatazwa israfu. Msimnunulie mtoto jina la chupa akaja kuwatambia wenziwe. Madrasa yetu ina watoto ambao sabuni ya kufulia kanzu ni hesabu ya nyumba nzima. Mtoto huyo akija na kanzu safi inayonuka sabuni, ametimiza, na asionekane duni mbele ya mtu.

Kwa upande wetu walimu, tumekubaliana kwamba dirisha moja litabaki wazi hata wakati wa baridi, na kwamba mwanafunzi mwenye pumu au maradhi mengine ya kifua atuarifu bila haya, naye atapewa nafasi ya mbele karibu na dirisha hilo. Haki ya kukaa darasani ni yake kabla ya haki ya yeyote kunukia.

Sote tumeusoma mfano wa rafiki mwema na rafiki mbaya, mmoja kama muuza miski na mwingine kama mfua chuma anayevuvia mivukuto. Kukaa na wa kwanza ni faida hata usiponunua kitu, na kukaa na wa pili ni kuungua nguo au kupata harufu mbaya. Sasa kijana anaweza kushika chupa ya muuza miski na kazi yake ikawa ya mivukuto, kwa sababu kila anayekaa karibu naye anaumia. Tujiulize kila tunapotoka nyumbani: leo anayekaa ubavuni mwangu atapata nini kwangu?

Tunamuomba Allah (S.W.) aisafishe miili yetu na nyoyo zetu, na amrudishe ndugu yetu kutoka barazani aketi nasi ndani. Amin.

Wabillahi tawfiq.