Kura ya Mzee Huombwa kwa Heshima

Kura ni amana ya mwenyewe. Mwenye nayo hadaiwi, huombwa. Neno hili ni jepesi kulitamka, lakini kila uchaguzi unapofika wanasiasa hulisahau, hasa wanapozikabili jamii ndogo zenye dini yao na kumbukumbu zao. Huzihesabu kwa mkupuo: hawa ni wetu, hatuna haja ya kuwaendea, wale si wetu, hatuna sababu ya kuwaendea. Hesabu hiyo ni dharau, na ubaya wake unaonekana vizuri tukiutazama uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2008, pale vijana wa Kiyahudi walipohimizwa waende Florida kwa babu na bibi zao wakamwombee kura Barack Obama. Katika habari ile mna la kuigwa na la kuepukwa, nasi yafaa tuyajue yote mawili.

Kwanza tuelewe kwa nini Florida. Wayahudi ni kama asilimia 2 tu ya Wamarekani wote. Lakini rais wa nchi ile hapatikani kwa kujumlisha kura za taifa zima. Kila jimbo lina wajumbe wake wa uchaguzi, na karibu kila mahali anayeshinda jimbo huwachukua wote, hata akishinda kwa kura moja. Wajumbe wote ni 538, na anayefikisha 270 ndiye rais. Mwaka 2008 Florida peke yake ilikuwa na wajumbe 27. Kusini mwa jimbo hilo, katika Miami-Dade, Broward na Palm Beach, wanaishi maelfu kwa maelfu ya wazee wa Kiyahudi waliostaafu New York na miji mingine ya kaskazini, wakahamia kwenye jua. Na wazee, popote duniani, ni watu wa kupiga kura. Mwaka 2000 George W. Bush wa chama cha Republican alimshinda Al Gore wa chama cha Democratic jimboni humo kwa kura 537 tu, katika karibu kura milioni 6 zilizopigwa. Watu 537 wanaenea katika ukumbi mmoja wa harusi. Baada ya hapo, nani angethubutu kusema kwamba kura za bibi wa Boca Raton, mji wa Palm Beach, na jirani zake si kitu?

Tangu enzi za Franklin Roosevelt, ambaye mwaka 1940 na 1944 alipata takriban kura tisa katika kila kumi za Wayahudi, chama cha Democratic kimeizoea jamii hii kama mtu alivyozoea kiti chake barazani. Mazoea hayo yaliwahi kukiadhibu chama hicho. Mwaka 1980 Jimmy Carter, Rais aliyewapatanisha Misri na Israel pale Camp David, hakupata hata nusu ya kura za Wayahudi. Wengi walimwendea Ronald Reagan, na wengine wakampa John Anderson, mgombea huru. Kura iliyozoeleka bila kuombwa huondoka bila kuaga.

Ndipo ukaja mwaka 2008. Mgombea wa Democratic alikuwa mtu mweusi, mtoto wa Mjaluo wa Kogelo huko Siaya, na jina lake la kati ni Hussein, alilolirithi kwa babu yake Hussein Onyango Obama aliyesilimu. Kwetu pwani Hussein ni jina la jirani. Huko Florida liligeuzwa kitisho. Barua pepe zisizo na mwenyewe zilitumwa kutoka mzee hadi mzee: Obama ni Mwislamu wa siri, amesomeshwa siasa kali, ameapa kwa Kurani. Yote yalikuwa uongo, na mwezi Januari viongozi wa jumuiya kadhaa kubwa za Kiyahudi waliandika waraka wa wazi kuyalaani. Lakini wahenga wetu walisema lisemwalo lipo, na ikiwa halipo laja. Na wazushi wa dunia nzima huutumainia msemo huo. Juu ya uvumi kulikuwa na hofu za haki: msimamo wake juu ya Iran, usalama wa Israel, na maneno makali ya Jeremiah Wright, mchungaji wake wa Chicago. Katikati ya mwaka kura za maoni zilimpa takriban asilimia 60 ya Wayahudi, ilhali John Kerry, mgombea wa Democratic wa 2004, alikuwa amepata karibu robo tatu miaka minne nyuma.

Hapo ndipo wanaharakati Ari Wallach na Mik Moore walipoanzisha kampeni waliyoiita The Great Schlep, yaani Safari Kuu ya Kujikokota. Septemba ilipokuwa inaisha, mchekeshaji Sarah Silverman alitoa video iliyotazamwa na mamilioni, akiwataka wajukuu wapande ndege mwezi Oktoba waende kuongea na wazee wao. Waliosafiri kweli walikuwa wachache mno kuliko waliotazama. Wengi zaidi walitumia simu. Hata hivyo wazo lenyewe lilikuwa na hekima ndani yake. Uvumi hauondolewi na bango la barabarani. Mzee aliyeletewa uongo na rafiki yake wa miaka arobaini hatauacha kwa sababu mgeni mwenye fulana ya chama amegonga mlango. Atauacha, ikiwa atauacha, mbele ya mtoto wa nyumbani, anayejua kwamba bibi hapendi kukatizwa maneno, na ambaye kesho bado atakuwa mjukuu wake, uchaguzi upite au usipite.

La kuigwa, basi, ni hilo: tuma mtoto wa nyumba. Akifika asianze kuhutubia. Aanze kuuliza: Bibi, unaogopa nini? Kisha asikilize mpaka mwisho. Mtu ambaye katika uhai wake jamaa zake waliuawa Ulaya kwa sababu ya kuwa Wayahudi hana makosa kuuliza Israel italindwaje. Swali lake linastahili jibu. Majibu yalikuwapo: Obama alikuwa amezuru Israel Julai ya mwaka uleule, akafika Sderot, mji uliokuwa ukipigwa maroketi kutoka Gaza. Na kulikuwa na historia ambayo wazee wenyewe waliiishi. Mwaka 1964 Andrew Goodman na Michael Schwerner, vijana wawili wa Kiyahudi wa New York, waliuawa Mississippi usiku mmoja pamoja na James Chaney, kijana mweusi wa hukohuko, katika juhudi za kuwaandikisha weusi wapige kura. Mwaka uliofuata Rabi Abraham Joshua Heschel alitembea katika maandamano ya Selma ya kudai haki hiyohiyo ya kura, katika safu moja na Martin Luther King. Mjukuu mwenye kuyajua haya hana haja ya kumpigia bibi kelele. Anamkumbusha bibi yale ambayo bibi mwenyewe alimfundisha.

Sasa la kuepukwa. Video ile ilimtaka mjukuu atishe: babu asipompigia Obama, asahau kutembelewa. Ilisemwa kwa mzaha, nami naukataa hata kwa mzaha. Kumtembelea mzee ni haki yake juu yetu. Si bei ya kura yake. Siku tutakapoanza kupima mapenzi ya ukoo kwa jina la mgombea, tutakuwa tumeshindwa hata mgombea wetu akishinda. Tena mzee anayetishwa hukubali kwa mdomo, na ndani ya kibanda cha kura hakuna mjukuu. Atafanya alivyotaka, na atakuwa amefundishwa kumficha mjukuu wake moyo wake.

La pili la kuepukwa ni zito zaidi. Waliokanusha uvumi wengi walisema, "Obama si Mwislamu, ni Mkristo," wakanyamaza hapo. Ni kweli alikuwa Mkristo. Lakini jibu linaloishia hapo limekubali shina la uongo: kwamba kuwa Mwislamu ni tuhuma ya kusafishwa. Aliyelisema vyema alikuwa Colin Powell, jenerali mstaafu na mwanachama wa Republican, alipotangaza Oktoba 19 kwamba atampigia Obama. Alisema jibu sahihi ni kuuliza: na angekuwa Mwislamu, kosa lingekuwa nini? Akaitaja picha ya mama aliyeegemea kaburi la mwanawe katika makaburi ya kijeshi ya Arlington, askari Mwislamu wa Marekani aliyeuawa Iraq. Wayahudi, waliokwisha kuambiwa katika nchi nyingi kwamba dini yao inawafanya wageni, wanalielewa jambo hili haraka kuliko wengi wetu. Usimtetee mgombea wako kwa kuitukana dini ya jirani yako. Ushindi wa namna hiyo unaliacha tusi likiwa zima, linamngoja mwingine.

La tatu ni kuwadhania Wayahudi kuwa kundi moja lenye sauti moja. Seneta Joe Lieberman, Myahudi aliyekuwa mgombea mwenza wa Gore mwaka 2000, mwaka 2008 alimpigia kampeni John McCain, mpinzani wa Obama. Ed Koch, aliyewahi kuwa Meya wa New York, alimuunga mkono Bush mwaka 2004, kisha akamuunga mkono Obama. Wote wawili walikuwa Wayahudi waliojali Israel, na kila mmoja alikata shauri lake. Kwa hiyo ni kosa kwa mwanasiasa yeyote kuwapimia uaminifu wao kwa kura zao, kama Rais Donald Trump alivyofanya Agosti 2019 aliposema kwamba Myahudi anayewapigia Democratic anaonyesha ama ujinga ama ukosefu mkubwa wa uaminifu. Shtaka la kukosa uaminifu limewafukuza Wayahudi katika miji mingi. Halifai kurushwa jukwaani kutafuta kura.

Na kazi haiishi kwa mzee kukubali. Palm Beach, mwaka 2000, karatasi ya kura ilipangwa vibaya hata wazee wengi wa Kiyahudi waliodhani wanampa Gore na Lieberman wakatoboa tundu la Pat Buchanan, mgombea mwingine. Buchanan alipata kura 3,407 katika wilaya ile, na mwenyewe alikiri kwamba nyingi huenda hazikuwa zake. Kura nyingine zaidi ya 19,000 ziliharibika kwa kutobolewa majina mawili. Mwenye kuhamasisha na ahakikishe basi kwamba mzee ameandikishwa, ana usafiri, na amekwisha kuiona karatasi ya mfano kabla ya siku yenyewe.

Matokeo yalikuwaje? Kura za maoni za vituoni zilionyesha Obama alipata asilimia 78 ya Wayahudi nchini kote, na Florida aliichukua kwa kura zaidi ya 230,000. Sidai kwamba wajukuu ndio waliompa jimbo lile. Uchumi ulikuwa unaporomoka, na wengi walimtilia shaka Sarah Palin, mgombea mwenza wa McCain. Ninalodai ni hili: jamii iliyokuwa ikisitasita iliendewa na watu wake, marabi na wajukuu na majirani, ikajibiwa maswali yake, ikakata shauri. Huo ndio utaratibu ninaouusia.

Ndugu zangu, wakati Wamarekani wanaanza kuchagua wagombea wao mwanzoni mwa 2008, Kenya ilikuwa inazika watu zaidi ya elfu moja waliokufa katika ghasia za baada ya uchaguzi, na ujumbe wa simu wa kuchochea kabila dhidi ya kabila ulikuwa umefanya kazi yake. Tunaujua basi uvumi unachoweza. Vijana mnaotumika katika kampeni, iwe Mombasa, Tanga au Bujumbura: nendeni kwanza kwa wazee wa nyumba zenu, kabla hamjafika kwa wageni. Waulizeni wanachoogopa. Semeni kweli, hata pale kweli inapompunguzia mgombea wenu. Msilitukane kabila wala dini ya mtu ili mpate kura. Mkikataliwa, rudini tena wiki ijayo mkawasalimu, bila kutaja siasa hata kidogo. Na wenye vyama vyenu, acheni kuzihesabu jamii ndogo kabla hamjaziendea. Kura ambayo mtu ameitoa baada ya kusikilizwa ni yake na ni halali, na kiongozi aliyeipata hivyo anajua anawiwa nini na nani.