Mnatupeleka Baharini Bila Bima, Halafu Mnaita Uchumi wa Buluu



Kila kiongozi wa serikali akishika maikrofoni siku hizi ni uchumi wa buluu. Bahari ni ajira, bahari ni fursa, vijana changamkieni. Septemba 2023 Rais aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko, mradi wa zaidi ya Sh bilioni 200. Januari 2024 alikuwa Mwanza akigawa boti za kisasa na vizimba vya samaki kwa mkopo usio na riba. Sawa. Sina ugomvi na bandari, wala na mvuvi wa ziwani aliyepata boti yake. Swali langu ni dogo tu na sijasikia jukwaa linalolijibu: kijana akishapata boti, siku ikizama anabaki na nini?

Nauliza kwa sababu ninayo moja. Nina miaka 26, mtoto wa Kawe. Boti ni ya faiba, mita nane, injini Yamaha ya 40, vyote mtumba. Imenigharimu milioni 11. Sehemu ni akiba ya miaka minne ya ubaharia kwenye boti za watu, sehemu ni hela ya kikoba cha mama, na kilichobaki ni deni. Kwa hiyo nikisema nataka bima siongei kama tajiri anayelinda chombo cha kutembelea Mbudya Jumapili. Ile boti ikienda chini, wanaodaiwa kesho yake asubuhi ni mimi na mama yangu, na wanaodai ni akina mama wenzake ambao nao hela zao ni za maandazi na vitenge.

Nimezunguka kampuni tatu. Sitazitaja, maana tatizo ni la mfumo na wala si la yule dada wa mapokezi ambaye na yeye anatafuta riziki. Ya kwanza walinisikiliza dakika mbili wakasema wao majini wanafanya meli na mizigo, boti za uvuvi hapana. Ya pili wakanipa fomu. Jamani, ile fomu! Inauliza chombo kinalazwa kwenye gati gani, kina redio ya aina gani, mmiliki amemiliki vyombo vingapi kabla ya hiki na kwa miaka mingapi. Sisi Kawe boti inalala nangani mbele ya mchanga, kila mtu anaiona. Nilipoandika "hiki ndicho cha kwanza" yule bwana akaweka kalamu chini. Akasema wanahitaji angalau miaka mitatu ya umiliki bila ajali. Nikamwambia kaka, nimekuwa baharini miaka minne. Akasema huo ni ubaharia, sio umiliki.

Hebu mfuate huyo mtu na hoja yake mpaka mwisho. Ili upate bima uwe umemiliki boti miaka mitatu. Maana yake miaka mitatu ya kwanza, ambayo ndiyo yenye deni, ndiyo huna uzoefu wa kuendesha biashara, ndiyo injini ya mtumba inakusumbua, hiyo ukae bila bima. Ukishavuka salama, hela imerudi, deni limeisha, ndipo wanakuja kukulinda. Ni mwavuli unaouzwa baada ya masika.

Kampuni ya tatu walikubali. Bei yao hii hapa, hesabuni wenyewe. Ada ya bima asilimia 5 ya thamani, yaani Sh 550,000. VAT asilimia 18 juu yake, Sh 99,000. Tumefika 649,000. Halafu chombo kikaguliwe na mkaguzi wanayemtaka wao, kwa gharama yangu, Sh 350,000. Jumla Sh 999,000, na zote unalipa kabla bima haijaanza kufanya kazi. Linganisha na gari. Bima kubwa ya gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani. Gari la milioni 11 unalipa Sh 385,000, ukiweka na VAT ni 454,300, unaondoka. Mimi na boti ya thamani hiyohiyo naombwa zaidi ya mara mbili.

Na kwa hiyo karibu milioni moja unanunua nini? Kwenye kila dai, asilimia 10 ya thamani ya chombo unabeba mwenyewe, kwangu ni Sh 1,100,000. Kwa maneno mengine nikivunja kifimbo cha injini kwenye mwamba, au ubavu ukichanika, hiyo ni shida yangu. Wizi wa injini boti ikiwa nangani bila mlinzi ndani yake, haimo. Muulize mvuvi yeyote, wa huku pwani au wa Ziwa Victoria, akutajie hofu yake ya usiku. Atakuambia injini. Injini ndiyo boti, lile ganda la faiba ni bakuli tu. Sasa bima isiyogusa injini usiku inalinda kitu gani?

Kisha ukaja ushauri ambao naamini wengi wenu mmeshaupata kwenye mambo mengine, iwe leseni, kiwanja au tenda ya halmashauri. Ajenti mmoja akanivuta pembeni: "Mdogo wangu, huna mjomba? Andika kwa jina la mtu mzima mwenye historia, itapita."

Mjomba ninaye, na ni mtu mwema. Lakini tuweke hili wazi kwa sababu vijana wanaingizwa humo bila kujua. Bima inamlipa mtu ambaye chombo kikipotea yeye ndiye amepata hasara. Risiti ya boti ina jina langu. Leseni ya uvuvi ina jina langu. Hati ya bima ikiwa na jina la mjomba, siku ya madai swali la kwanza litakuwa boti hii ni ya nani, na kwa jibu lolote kampuni ina njia ya kukataa kulipa. Ukihamisha na risiti na leseni ziende kwa mjomba ili mambo yalingane, basi boti si yako tena. Mjomba akifariki, Mungu apishe mbali, inaingia kwenye mirathi na wewe unasimama mlangoni na wanawe. Hivi ndivyo kijana anavyogeuzwa kibarua kwenye mali aliyoinunua kwa jasho lake, halafu wanatuambia vijana hatupendi kumiliki.

Nawasikia watu wa bima wakijibu, na kuna mahali wana hoja. Boti nyingi zinabeba kupita kiasi. Jaketi okozi zinafungiwa nyumbani zisichakae. Manahodha wengi hawana karatasi hata moja, wamejifunza kwa baba zao. Kusi ikichafuka tunatoka hivyohivyo kwa sababu nyumbani hakuna unga. Hayo ni ya kweli na mimi nimeyaona. Lakini bodaboda je? Kijana wa miaka 20, pikipiki ya mkataba, abiria wawili, taa nyekundu anapita, na bado anapata bima siku hiyohiyo. Kwa nini? Kwa sababu sheria, ile ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inasema chombo cha moto hakipiti barabarani bila bima dhidi ya wengine, na TIRA imeweka viwango vya chini. Gari dogo binafsi bima hiyo ni Sh 118,000 pamoja na VAT, kila mtu mjini anaijua bei hiyo kama anavyojua bei ya unga. Soko la bima ya magari halikuota lenyewe kama uyoga. Serikali ililitengeneza.

Serikali ikitaka inaweza. Bima ya mazao imeshasamehewa VAT, na makampuni yamekusanywa pamoja kubeba hatari ya kilimo kwa ushirikiano. Kwa nini mahindi yana mtetezi na dagaa hawana? Japani walitunga sheria ya bima ya vyombo vya uvuvi mwaka 1937, wavuvi wanachangiana kwenye ushirika wao na serikali inabeba sehemu ya hatari nyuma yao. India serikali inamlipia mvuvi ada ya bima ya ajali, akifa kazini familia inapata rupia laki tano. India ina wavuvi wengi kuliko sisi, na wengi wao maskini kama sisi.

Na hapo sijagusa mabaharia. Boti yangu inatoka na watu watano. Hawana mshahara. Tukirudi tunatoa mafuta, barafu na chambo, kinachobaki ni mgao: sehemu ya chombo, ya injini, ya nyavu, ya watu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unachangiwa na mwajiri kwa kukokotoa mishahara. Mtu wa mgao anahesabiwa wapi? Akikatwa kidole na kamba tunachanga. Akizama tunachanga. Kofia inapita msikitini na kanisani, mjane anapewa laki mbili na gunia la mchele, baada ya arobaini kila mtu kwake. Pamoja na yote haya mtu wa mgao analipia leseni ya mvuvi kila mwaka.

Halafu kuna mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile iliyosimamishwa Aprili 2023 na sasa imerudishwa. Vikundi vya vijana pwani vitaomba boti, na vinastahili. Lakini kikundi cha vijana watano kikikopeshwa boti isiyo na bima, upepo mmoja tu wa Julai unatosha kuwaacha watano hao na deni la miaka, na halmashauri na hasara. Hela ya bima ya mwaka wa kwanza iwe ndani ya mkopo. Hilo halihitaji sheria mpya, ni kifungu kwenye mkataba.

Yanayobaki yanahitaji msukumo. TASAC tayari wanakagua vyombo vidogo, basi karatasi yao itoshe, tusilipie ukaguzi mara mbili. BMU zinawajua wavuvi kwa majina na boti kwa rangi, ziruhusiwe kukata bima ya pamoja, boti thelathini kwa hati moja, ambapo miaka ya nahodha inahesabiwa hata kama mmiliki ni mpya. Ada ilipwe kwa msimu, maana hela ya mvuvi haiji kwa mwezi. VAT iondoke kama ilivyoondoka kwenye mazao.

Bajeti ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi huwa inasomwa Mei. Kabla ya hapo baraza letu la vijana linakusanya karatasi za bei na barua za kukataliwa kutoka Kawe, Kunduchi, Msasani, Mbweni, na ng'ambo kule Kigamboni. Yangu nimeshaiwasilisha, ile ya Sh 999,000, na fomu ya gati nimeiambatanisha. Kama ulikataliwa kwa mdomo tu, rudi kesho ukaombe waandike. Wakigoma kuandika, andika wewe tarehe, ofisi na maneno waliyokuambia, usaini, ulete.