UCHAMBUZI: Nairobi hadi New York si hesabu ya kilomita pekee

SHIRIKA la ndege la Kenya Airways lilipoanzisha safari ya moja kwa moja hadi New York mnamo Oktoba 28, 2018, ratiba yake iliwatatiza wengi. Ndege iliondoka Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) saa tano na dakika 25 usiku, ikaratibiwa kutua JFK saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Kwa anayehesabu kwa vidole, hizo ni saa saba tu.

Ukweli ni kwamba safari huchukua takriban saa 15. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane wakati wa baridi, na saba wakati wa joto.

Umbali baina ya viwanja hivyo viwili ni takriban kilomita 11,800. Hata hivyo, safari ya kurudi ni fupi zaidi, kama saa 14 hivi, kwa kuwa pepo kali za anga ya juu huvuma kutoka magharibi, zikiisukuma ndege inayorejea na kuikabili inayokwenda.

Lakini kizingiti kikubwa kiko papa hapa Embakasi. JKIA imejengwa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi, hivyo injini hupungukiwa na nguvu na mabawa hupata shida kuinua mzigo. Kuondoka usiku, hewa ikiwa baridi, husaidia kwa kiasi. Hata hivyo, Boeing 787-8 yenye viti 234 haiwezi kujaza mafuta ya saa 15, abiria na shehena pamoja bila kuhesabu kila kilo. Mafuta hayapunguzwi. Kinachoweza kuachwa ni shehena, na pengine viti kadhaa.

JFK, kwa upande wake, iko karibu kabisa na usawa wa bahari. Safari hii ilisifiwa kuwa lango la bidhaa za Kenya kuingia soko la Marekani, ilhali kwa hesabu za uzito lango lenyewe ni pana zaidi kwa kinachoingia nchini kuliko kinachotoka.

Isitoshe, JKIA ingali inategemea njia moja ya kurukia ndege. Ujenzi wa ya pili ulikuwemo katika mpango wa kampuni ya Adani, ambao Rais William Ruto aliufutilia mbali Novemba 21, 2024.

Nani basi hunufaika? Bila shaka anayefanya kazi New York au New Jersey, ambaye zamani alipoteza saa nyingi akisubiri ndege ya pili London au Dubai. Lakini Wakenya wengi Marekani wanaishi Minnesota na Texas. Anayeelekea Minneapolis atabadili ndege tu, iwe ni New York au Amsterdam, na kinachoamua njia yake ni bei ya tiketi.